Mji Uliomtembeza Farasi Wetu

Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko Mbozi. Vita vilipokwisha, mzungu yule aliuza shamba akarudi kwao, na badala ya kumwachia mume wangu ng'ombe, kama watu wenye akili wanavyofanya, alimwachia farasi. Jike la hudhurungi, lenye doa jeupe usoni na tumbo lisilojua kushiba. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu alimtazama mnyama yule kama bibi harusi. Mimi hakunitazama hivyo hata siku ya harusi yetu, na nilimwambia.

Mwenye shamba mpya alikuwa na gari, hakutaka farasi bandani mwake. Tukaambiwa tuondoke kabla ya mvua. Kulikuwa na habari kwamba Iringa kuna mzungu anatafuta saisi, hata akija na farasi wake ni sawa, ila asiwe na familia, kwa sababu malazi ni chumba kimoja kando ya banda. Mume wangu hakunificha.

"Tutafute mji utakaotupokea sote," alisema. "Tukikosa, mimi nitakwenda Iringa, wewe utarudi kwenu Ibaba. Nitakuwa natuma matumizi."

Wanaume waliokwenda kutuma matumizi nilikuwa nawajua. Dada yangu mpaka wakati huo alikuwa anamsubiri wake. Nikajifunga kanga kiunoni, nikamwambia tuanze safari kesho yake.

Tulianza na Ndalambo, kwa kaka yake. Watu wa Ndalambo ni wakarimu, sina neno baya juu yao. Walituchinjia kuku na kutupa kitanda chao wenyewe. Lakini asubuhi shemeji yangu alimpeleka mume wangu nyuma ya nyumba, akamwonyesha zizi lililoota majani. Ng'ombe wake wote walikuwa wamemalizwa na mbung'o. Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Tuliondoka kabla jua halijakolea, farasi akipiga mkia huku na huku, na mimi nikipunga tawi nyuma yake kama mtumwa wake.

Ibaba ni juu, baridi, hakuna mbung'o. Nilijua tukifika kwetu mambo yatakwisha. Mjomba wangu alimzunguka farasi taratibu, mikono mgongoni.

"Anakamuliwa?" aliuliza.

"Hapana, mjomba," alijibu mume wangu.

"Analima?"

"Hajafundishwa."

"Basi tutamla lini?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jioni mjomba akaniita kando. "Mwanangu, wewe nyumba yako ipo hapa, usihangaike. Huyo bwana na punda wake mrefu waende watakako." Alisema kwa upendo, na ndiyo maana iliniuma. Alikuwa ananifungulia mlango mimi peke yangu.

Ikabaki Mpemba. Mpemba ya wakati ule ilikuwa maduka machache kando ya barabara, kanisa la matope na kambi ya watengeneza barabara. Hatukuwa na ndugu hata mmoja. Miguu yangu ilikuwa imevimba, kwa hiyo mume wangu alinipandisha juu ya farasi, nami nikashika manyoya ya shingo huku nikimwomba Mungu. Tulipoingia mjini, wanaume wa kambi waliacha sururu zao wakasimama. Mwanamke mmoja muuza pombe alitoka nje, akaona mwanamke mweusi mwenye mimba ameketi juu ya farasi kama mke wa bwana shauri wa kizungu, akapiga vigelegele. Wengine wakaitikia. Sijui kama nimewahi kujisikia mrefu namna ile. Siku hiyo nilianza kumwona farasi yule kwa jicho jingine, ingawa sikumwambia mume wangu.

Jumbe alituonyesha kibanda kitupu nyuma ya maduka, akasema tukae hapo mpaka Jumapili, baada ya ibada wazee watakaa baraza waamue kama tupewe kiwanja. Siku zile zote watu walikuja kumshika farasi pua. Walimletea majani, walimwuliza habari za safari. Nilianza kupanga moyoni jiko litakaa wapi.

Jumamosi kulikuwa na pombe ya ulezi kwa ajili ya watu watakaolima shamba la jumbe. Kwetu mgeni hawezi kuachwa nje ya pombe, na akina mama wa Mpemba waliona mnyama naye ni mgeni. Muuza pombe akamletea karai la machicha ya pombe. Jirani yake, bila kujua, akaleta lake. Na mwingine. Mume wangu alikuwa kwa jumbe, mimi nilikuwa nimelala. Nilipotoka nje, farasi alikuwa anaangalia tumbo lake, jasho linamtiririka, kisha akapiga magoti.

Nilipiga kelele. Mume wangu alikuja mbio. "Asilale! Akigaagaa utumbo utajisokota!" Tulimwinua, mume wangu akaanza kumtembeza barabarani, kwenda na kurudi. Uso wake ulikuwa umekauka. Alinipita akaniambia bila kunitazama, "Kesho akiwa hai, naondoka naye kwenda Iringa."

Nilijua maana yake: mimi nirudi Ibaba peke yangu. Mume wangu alipochoka, kijana wa kambi alimpokea kamba. Naye akapokewa na mwenziwe, kisha mwalimu wa kanisa, kisha mwenye duka. Waliotoka kulima walifika na majembe begani wakajiunga nyuma, wakimsukuma kila alipotaka kulala. Muuza pombe, ambaye nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka, alitembea kando yake akilia. "Nisamehe, mukwai," alimwambia farasi, kwa neno la heshima la kwao, si sisi. "Nisamehe."

Jua lilikuwa linazama farasi aliposimama, akainua mkia, akatoa mzigo wake wote katikati ya barabara kuu. Mji mzima ulishangilia. Mwalimu wa kanisa alivua kofia. Nilicheka mpaka nikashika tumbo nikiogopa mtoto atatoka.

Jumbe aliangalia samadi ile, akaangalia watu wake walivyojaa vumbi. "Baraza la nini tena?" alisema. "Mji wote umeshamchunga."

Lakini mume wangu alimfunga farasi, akaketi kizingitini. Kule kwetu anayehamia mahali huwasha jiko lake kwa moto wa jirani, na anayepita njia hutumia kiberiti chake. Yeye alikuwa na kiberiti mfukoni. Muuza pombe akaja na kaa la moto juu ya kigae, akasimama mbali, hathubutu kusogea.

"Baba, nirudi nalo?" aliuliza.

Mume wangu alinitazama, sana. Kisha akainuka, akakipokea kile kigae kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mafiga yangu akaanza kupuliza.

Mwanangu alizaliwa hapo Mpemba, wakati wa mvua, na baba yake alikuwapo.