Kunde za Asubuhi ya Makabidhiano

Pikipiki ilikuwa imeiacha lami ya Kiabakari muda mrefu, na mgeni aliyekaa nyuma, aliyekuja kushuhudia makabidhiano ya ndama, alikuwa ameshauliza mara tatu kama bado wako Butiama, ndipo dereva alipozima injini mbele ya ua wa minyaa. Hakuna aliyetoka kumpokea. Flora alikuwa zizini, amekumbatia shingo ya ndama.

"Karibu, kaka. Shika kichwa hiki, ukiinue!"

Mgeni akatua begi, akashika. Ubavu wa kushoto wa ndama yule mwekundu ulikuwa umevimba na kukaza kama ngoma. Mate yalimdondoka.

Kosa lilikuwa la Flora, naye alilijua. Kila asubuhi aliwapa ndama wake wawili majani makavu aliyoyakata mwezi wa sita. Lakini leo ilikuwa siku ya makabidhiano. Miaka mitatu iliyopita kikundi cha akina mama wa parokia kilimpa mtamba, kwa sharti kwamba jike wa kwanza atakayezaliwa aende kwa mama mwingine. Saa nane mchana Matrida, mjane wa ng'ambo ya mto, angekuwa kanisani akimsubiri. Flora hakutaka kumpelekea ndama mwenye tumbo bapa. Akamchumia mwekundu, mzaliwa wa mtamba yule, kunde mbichi, na umande wake, akamjaza mpaka gesi ikamvimbisha. Mweusi akaachiwa makavu.

"Ulitaka apendeze kama bibi harusi," alisema Magesa, jirani yake, akiingia na chupa ya mafuta ya alizeti. "Kapendeza mpaka anataka kupasuka."

"Mimina, Magesa, acha maneno!"

Walimnywesha taratibu asije akapaliwa, wakampandisha miguu ya mbele juu ya kichuguu. Flora akamsugua ubavu kwa ngumi mpaka mikono ikafa ganzi. Bwana mifugo alikuwa Bunda. Kwenye simu alisema atafika baada ya muda wa saa mbili. Ndama akakunja magoti.

"Asilale! Akilala nimemkosa."

Wakamwinua. Akabeua, mbweu moja ndefu yenye harufu ya kunde zilizochacha. Halafu kimya. Flora akabonyeza ubavu. Ulikuwa umelegea kidogo, kidogo tu.

"Mpigie Matrida, mwambie wiki ijayo," Magesa alisema.

"Mwaka jana alikuwa apewe ndama wa Esther, mwenzetu wa kikundi. Tulimwambia hivyo hivyo, na ndama akafa. Mimi simwambii tena."

Akamtazama mweusi, jike pia, aliyekuwa akitafuna makavu yake bila habari. Mama wa huyo alinunuliwa kwa miaka tisa ya kubeba dagaa kutoka Musoma hadi mnadani Bunda, na ugonjwa wa ndigana ulimuua mwezi wa nne. Mweusi ndiye pekee aliyebaki wa uzao wake.

"Flora, huyo ni wako," Magesa alisema, safari hii bila utani. "Na huyu mwekundu akifa?"

"Nitakuwa sina ndama. Kwani nani alimlisha kunde?"

Akajifunga kitenge, akafungua kamba ya mweusi. Ile ya mwekundu akamtia mgeni mkononi.

"Kaka, mzungushe uani. Asilale, hata akigoma vipi. Bwana mifugo akija, mwambie amekunywa mafuta nusu chupa."

"Na asipokuja?"

"Mzungushe tu."

Akatoka na mweusi kuelekea kanisani, bila kugeuka. Mwekundu akamwegemea mgeni pajani kwa uzito wake wote, magoti yakitetemeka, na mgeni akaanza kuvuta.