Matoka ya Mama Ouma

Kuna kijiji kidogo cha wachuma kahawa kati ya Ruiru na Thika, kimebanwa na mibuni upande huu na mto upande ule. Ungepita hapo ungeambiwa kwamba Jentrix, yule wanayemwita Mama Ouma, ni mwizi wa ardhi. Hawakumwambia usoni. Walimsalimia vizuri, wakamngoja apite, ndipo wakaanza.

Kisa kilikuwa matoka. Itoka ni ua lenye majani marefu na mzizi kama kitunguu, na Wakikuyu hulipanda mpakani. Likishapandwa haling'olewi, maana anayeling'oa anajitafutia laana. Nyuma ya nyumba ya Jentrix palikuwa na matoka yaliyosongamana, na yaliingia hatua tatu nzima kwenye kishamba cha jirani yake, Wamboi. Wamboi alipohamia pale, miaka ishirini na sita iliyopita, aliyaona akajua kwamba huyu mwanamke aliyetoka magharibi mwa nchi amemsogezea mpaka. Hakuthubutu kuyagusa, ila alimnunia. Wakachuma kahawa pamoja, wakaimba kwaya moja, na hawakuwahi kuombana hata chumvi.

Sentensi moja tu ya Jentrix ingemaliza maneno hayo yote. Hakuisema, na asiyewahi kuficha kitu anachokipenda asimhukumu haraka.

Alikuwa amemzika mwanawe pale, kabla Wamboi hajahamia. Dorine alizaliwa Disemba, akaishi siku nane. Kwa kina Jentrix mtoto mchanga huzikwa nyuma ya nyumba, naye akafanya hivyo alfajiri, kwa kuwa nyapara wa siku hizo hakutaka kusikia habari ya makaburi kijijini. Kisha akachimba maua kando ya mto, akachagua yale yasiyokufa kwa kiangazi, akayapanda juu. Mgeni angejuaje maana yake? Alipokuja kuijua, aliona yanamlinda mtoto kuliko msalaba. Kaburi wangelilima. Mpaka hakuna aliyeugusa.

Mwaka huu kampuni ya kahawa yenye ardhi hiyo ilikubali kuwaachia wafanyakazi wazee vishamba vyao. Mburu, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, akaanza kuzunguka na saveya, mpima ardhi, nyumba kwa nyumba, kuanzia kinu cha kahawa hadi kwenye tangi la maji. Adhuhuri wakafika kwa Jentrix. Wamboi alikuwa amesimama tayari, mikono kiunoni.

"Mpaka si ndio huu?" Mburu akauliza, akionyesha matoka.

"Andika tu," Wamboi akajibu. "Alitaka hapo, apewe hapo."

Saveya akasimamisha kigingi cha chuma katikati ya maua, akainua nyundo.

"Usipige hapo!" Jentrix akapiga kelele.

"Mama Ouma, na hii mpaka si ni wewe ulipanda?" Mburu akashangaa.

"Hiyo si mpaka, Mzee. Ni mtoto wangu."

Akawaeleza yote, bila kumtazama mtu. Saveya akateremsha nyundo polepole. Mburu akavua kofia.

"Ngai! Mungu wangu!" Wamboi akasema kwa sauti ndogo. "Kila Disemba nikikuona umepiga magoti hapo unapalilia, nilikuwa nakutukana."

"Nilikuwa nasikia."

Aibu ilimshika Wamboi vibaya. Akakichomoa kile kigingi cha chuma mwenyewe, akazimaliza zile hatua tatu za matoka, akaingia nacho kwenye mahindi yake, akaongeza nyingine mbili, akakanyaga chini kwa kisigino.

"Piga hapa."

"Cucu, hiyo ni shamba yako unakata," Mburu akamwonya bibi huyo.

"Nimesema hapa! Mtoto akae kwa mamake."

Nyundo ikapiga. Jentrix akakaa chini kando ya maua na kulia kwa sauti, kilio alichokimeza miaka thelathini na moja, kwa sababu hakuna mtu anayelia mpakani. Wamboi akakaa naye kwenye udongo, akamuuliza mtoto alifanana na nani.