Alama Nyekundu kwenye Zizi la Kabula

Watu wa Mlabani humtania Agnella kwamba analipwa mshahara kwa kutembea. Si uongo mkubwa. Kazi yake ni kuipanga na kuitunza njia ya miguu itakayotoka Ifakara, ipite Idete, kisha ipande milima hadi Uchindile, safari ya siku kadhaa kwa mtu asiye na haraka. Anafyeka, anaweka magogo ya kuvukia vijito, anazungumza na wenye mashamba, halafu anachora alama kwenye miti ili mgeni asipotee.

Lakini kazi yake hasa, ukiniuliza mimi, ni kuota. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mpunga, Agnella husimama njiani akawaona watembeaji ambao hawajaja: wazee wenye fimbo, wasichana wanaoimba, mtu mmoja aliyevua viatu ili auonje umande kwa nyayo. Huwapisha. Haki ya Mungu, husogea pembeni awapishe, na mpunga ukamlowesha sketi. Wenzake wameshazoea.

Ndoto hizo ndizo zilizomponza. Karibu na Idete njia inapita jirani na kaya ya Kabula, mama mjane wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, baada ya kubomolewa nyumba alikokuwa akiishi kwanza. Agnella alihofia wageni wangemwingilia mama wa watu hadi uani. Basi jioni moja, Kabula akiwa bado machungani, akachora X kubwa kwenye mlango wa zizi, maana yake usipite huku. Akachagua rangi nyekundu kwa kuwa inaonekana hata kwenye ukungu.

Jamani, Agnella! Nchi nzima inajua X nyekundu huleta ujumbe gani. Ukiikuta kwako, tingatinga liko njiani. Naye anajua, si mgeni hapa; ila jioni ile alikuwa anatazama kwa macho ya wageni wake.

Kesho yake alimkuta Kabula juu ya paa, anang'oa mabati. Nusu ya nyumba ilikuwa wazi. Magodoro, sufuria na magunia yalikuwa uani, yamefungwa kwa kamba.

"Shikamoo mama! Kuna nini?"

Kabula hakuitikia. Mtu wa umri wake kuiacha shikamoo ianguke chini si jambo dogo, na Agnella aliisikia ikianguka.

"Mara ya kwanza nilisubiri," Kabula alisema bila kugeuka. "Mabati yangu yote yakasagwa. Safari hii sisubiri. Kawaambie waliokutuma kwamba naondoka."

"Hakuna aliyenituma, mama. Nimechora mimi. Ni kwa ajili ya watembeaji, wasije wakakusumbua."

"Wanakwenda wapi hao?"

"Hawaendi popote. Wanatembea tu."

Kabula akageuka, akamtazama. "Mimi nimetembea kutoka Maswa mpaka hapa, na ng'ombe na watoto," alisema. "Sijawahi kukutana na mtu anayetembea tu."

Agnella aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Akachukua panga lake la kufyekea, akaikwangua ile alama hadi mbao za mlango zikabaki nyeupe. Alipoinua kichwa, Kabula alikuwa ameshuka na amemnyooshea nyundo.

"Panda wewe," alisema. "Aliyeezua nyumba hii ni wewe."

Akapanda. Wakafanya kazi, Kabula akiinua bati kutoka chini, Agnella akipigilia misumari iliyokwisha kupinda, jua likitembea taratibu juu ya bonde kana kwamba nalo halikuwa na pa kwenda. Alasiri nyumba ilikuwa na paa tena. Agnella akashuka, akainama kufungua kamba ya magodoro.

Kabula akamshika mkono, kwa upole kabisa.

"Hiyo iache imefungwa, mwanangu," alisema. "Nitalala chini kwanza."