Jumatatu ya Mama

Hakuna mtu anayechapa kalenda nyingi kunishinda mimi hapa Kimironko, na anayebisha aingie saluni yoyote aangalie ukutani. Nilirudi Rwanda na sanduku moja na diploma ya uchapaji niliyoisotea Tanzania, bila mjomba wa kunishika mkono. Leo diploma hiyo ipo kwenye fremu juu ya mashine yangu, na wateja huisoma wakisubiri kazi zao.

Kalenda zangu zina kitu ambacho za wenzangu hazina: chini ya tarehe ninaandika kilichotokea. Tarehe 1 Februari, Mashujaa. Tarehe 1 Julai, Uhuru. Tarehe 4 Julai, Ukombozi. Chini ya 7 Aprili, siku yalipoanza mauaji ya kimbari, siandiki neno, kila mtu anajua. Mteja wangu mmoja wa Kibagabaga alijifungua binti siku hiyo, na kila mwaka huniagiza kadi za sherehe zenye tarehe ya Machi. Binti anakua hivyo, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia.

Basi mtu kama mimi hakufurahi kuandikwa 1 Januari kwenye kitambulisho. Ndiyo siku waliyopewa wengi waliozaliwa bila karatasi. Mtaani kwetu peke yake tupo wanne. Lakini mimi nilikuwa na siku yangu. Mama, aliyenizaa ukimbizini Karagwe, alinisimulia tangu utotoni kwa Kiswahili chake cha sokoni: mwaka 1962 Rwanda ilipata uhuru sisi tukiwa nje, wanaume wakakaa kimya kuizunguka redio, na "Jumatatu yake" akashikwa na uchungu. Tarehe 1 Julai mwaka ule ilikuwa Jumapili. Nikahesabu: 2 Julai. Nimeisherehekea siku hiyo maisha yangu yote.

Juni iliyopita nilikwenda Niboye, kwa mdogo wangu wa kike, ambako Mama anaishi siku hizi, kwa kuwa kumbukumbu zake zimeanza kumtoroka. Nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani, mkoba mapajani.

"Safari ya wapi, Mama?"

"Si leo Jumatatu? Akina mama tunasali."

"Leo Jumatano, Mama."

Mdogo wangu akacheka kutoka jikoni. "Mwache, kaka. Jumatatu yake ndiyo hii. Anahesabu kwa Kinyarwanda: kuwa mbere, kuwa kabiri, kuwa gatatu. Kwake siku ya tatu ni ya tatu tu. Kule Tanzania alikuwa anafika mnadani na kikapu chake, mnada umeisha tangu juzi!"

Nikahesabu kwa vidole. Waswahili huanza kuhesabu Jumamosi, sisi huanza siku inayofuata Jumapili. Siku ya tatu ya Mama ilikuwa Jumatano, na Jumatano ya wiki ile ya uhuru, 1962, ilikuwa tarehe 4 Julai. Siku ya Ukombozi! Nchi nzima inafunga kazi, bendera kila nyumba, na ndani yake nimo mimi.

"Haya, Mzee wa Kalenda," mdogo wangu akasema, "sasa tukupigie saluti?"

Alasiri ile ile niliandaa kadi za mwaliko kwa herufi za dhahabu. Sikuzichapa. Fundi wa kweli hachapi kabla ya kuhakiki, na shahidi alikuwa mmoja tu. Asubuhi iliyofuata nikarudi Niboye. Mama alikuwa mchangamfu, anakunywa chai.

"Mama, siku niliyozaliwa, ile baada ya uhuru, ilikuwa kuwa mbere au kuwa gatatu?"

"Gatatu," alijibu papo hapo.

Nikapiga makofi. Mdogo wangu akapiga vigelegele vya utani. Mama hakucheka.

"Lakini huyo si wewe."

"Si mimi kivipi, Mama?"

"Wa gatatu hakumaliza mwezi. Tulimzika pale kambini, nyuma ya kisima. Wewe ulikuja baadaye. Tukakupa jina lake. Ulipoanza kuuliza siku, nikakupa na siku."

Mdogo wangu akaweka birika chini. Hakuwa amewahi kulisikia hilo, wala mimi.

"Baadaye lini?"

"Wakati wa mvua."

"Mvua ya mwaka gani? Masika au vuli?"

Alinishika mkono, akatazama wino kwenye kucha zangu, akauliza kwa heshima kubwa, "Baba, umetumwa na nani?"

"Kaka, amechoka," mdogo wangu akasema polepole.

Nikazifuta zile kadi kwenye kompyuta. Baba alikwisha kufa, na waliokuwa watu wazima kambini wamekwisha wote. Nimepiga simu hadi Karagwe, wanaopokea ni wajukuu. Aliyebaki ni Mama. Nimemuuliza tena na tena, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, asubuhi anapokuwa na nguvu. Siku nyingine anaapa hajawahi kuzika mtoto. Siku nyingine anamlilia kana kwamba amezikwa jana, anamwita kwa jina langu, kisha anafuta macho na kuniuliza kama nami nilimfahamu.

Ninamjibu hapana.