Mechi ya tano ya Bagira na Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya ofisi kufunguliwa. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi wa michezo, nikisimama kila mara kwa sababu sikujua kama mfanyakazi mpya anaruhusiwa kukaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimetoka chuoni, na diploma yangu ilikuwa ndani ya bahasha niliyoifungua mara nne kuhakikisha bado imo. Rais wa ligi, mzee mrefu aliyewahi kufundisha mazoezi ya mwili katika shule za mapadri, alinikuta hapo.

"Mademoiselle, unangoja nani?"

"Nangoja kazi, Papa Rais."

"Kazi iko ndani. Huku inje iko baridi tu."

Ndivyo nilivyokuwa sekretere wa ligi ya badminton ya Bukavu. Vijana wengi wa leo wanadhani nawatania nikisema tulikuwa na ligi, tena yenye wachezaji walioajiriwa kwa ajili ya raketi yao. Rais alinieleza kwamba mchezo uliletwa na mafundi wa kigeni wa mashamba ya chai. Walipoondoka waliacha nyavu na raketi, na wafanyakazi wakaendelea bila kumuuliza mtu. Halafu parokia, kiwanda na ofisi moja ya serikali wakaunda timu zao. Zikawa nne, zikikutana nyumbani na ugenini, na mbili za juu zikicheza fainali.

Pambano moja lilikuwa na mechi tano: mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, na ya mwisho mchanganyiko, mwanamke na mwanaume upande mmoja. Anayeshinda tatu ameshinda pambano. Lakini kwetu zote tano zilichezwa, hata kama timu imekwisha kushinda tatu za kwanza, kwa sababu watu walitoka mbali, na Rais alisema haifai mtu apande lori kutwa nzima kisha arudi na raketi ndani ya mfuko. Kila timu iliruhusiwa mchezaji mmoja wa kuazima, yaani anayekaa nje ya mji. Timu ya parokia ya Bagira ilimwazima Déo, fundi wa baiskeli kutoka Sange, kule chini kwenye tambarare ya Ruzizi. Alicheza mchanganyiko na Furaha, msichana wa Bagira aliyekuwa akishona nguo za waseminari.

Sijaona tena watu wawili wakisikilizana vile. Furaha alisimama mbele karibu na wavu, Déo nyuma, na hawakuitana. Mara nyingi Déo alichelewa, akaingia na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, na Furaha alimwambia, "Umeleta Sange yote, ama umeacha kidogo?" Déo alijibu, "Nimeacha nusu. Nusu nitarudi nayo." Wakaanza kucheza.

Lazima nieleze jambo la volan, maana ndipo kosa langu lilipo. Volan ni ile kofia ndogo ya manyoya inayopigwa badala ya mpira. Bukavu iko juu, hewa yake ni nyepesi, na volan zilizotengenezwa kwa miji ya chini zilipita mstari wa nyuma hata zikipigwa taratibu. Wachezaji wetu walikuwa na dawa: walikunja ncha za manyoya kwa kidole gumba, kidogo tu, ili zishike hewa. Desturi ilikuwa makapiteni wawili wakae meza moja kabla ya pambano, wakinywa chai, kila mmoja akunje nusu ya boksi mbele ya mwenzake. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha sheria mpaka kurasa zikalegea, na kila Jumapili desturi ile ilinipa kiungulia.

Fainali ya mwisho ilikuwa Bagira na Chai, timu ya wafanyakazi wa mashamba. Siku hiyo kapiteni wa Chai alichelewa kwa sababu ya mvua, na kapiteni wa Bagira akakunja boksi zima peke yake. Mechi nne zilichezwa kwa volan hizo, mbili kwa mbili. Kabla ya mechi ya tano nilipima volan kama ilivyo kazi ya juge-arbitre, msimamizi wa pambano, ambayo kwetu ilikuwa ya sekretere: unasimama kwenye mstari wa nyuma, unapiga kutoka chini kwa nguvu zote, unaangalia inaangukia wapi. Ya kwanza ikaangukia mahali pake. Ya pili ikaanguka mapema. Ya tatu sawa. Nikafikiri: kama Bagira wakishinda, Chai watasema zilikunjwa na upande mmoja. Kama Chai wakishinda, Bagira watasema nilizichagua. Nikafikiri mpaka ukumbi ukaanza kupiga miluzi.

"Sekretere," kapiteni wa Chai alisema, "siye hatuna neno. Tucheze tu."

"Sheria inasema volan ziwe sawa kwa pande zote mbili," nilijibu.

"Pande zote mbili njo hizi ziko hapa," Furaha alisema. "Zinasikia baridi."

Nilimtazama Rais. Alikuwa na kawaida ya kutomwingilia juge-arbitre. "Njo weye unaamua, mademoiselle. Ukishaamua, miye nitatetea."

Niliahirisha. Mechi ya tano ichezwe Jumapili inayofuata, kwa boksi jipya litakalofunguliwa mbele ya wote. Déo alicheka, akanipa mkono, akasema, "Hakuna shida, nitapanda tena." Akashuka Sange kesho yake.

Katikati ya wiki hiyo vita ya kwanza ikafika. Ilianzia kule chini, kwenye tambarare, ikapanda kutufuata. Mimi na mama yangu tulitembea kando ya ziwa kuelekea Minova, tukalala kwa watu tusiowajua, tukarudi baada ya majuma mengi. Ukumbini nilikuta mikeka, masufuria na watoto waliofanya wavu wetu kamba ya kuanikia nguo. Rais alikuwa amekaa juu ya boksi lile jipya, halijafunguliwa.

Habari za Déo zililetwa na shangazi yake. Watu wa mtaa wao walikimbilia milimani. Walimwita. Aliwaambia ana mechi Bukavu siku ya Mungu, akafunga raketi kwenye baiskeli, akashika barabara. Hakuna aliyemwona akifika popote.

Sheria yetu ilisema msimu mpya haufunguliwi kabla ya wa zamani kufungwa. Miezi ilipopita na mji ukatulia kidogo, Rais aliniambia niandike forfait, kwamba Bagira wameshindwa kwa kutofika. Forfait ilihitaji sahihi ya mchezaji. Nilimpelekea Furaha karatasi. Aliisoma yote, akanirudishia.

"Yaya," aliniita kama dada yake mkubwa, "hapa imeandikwa hatukufika. Miye nilifika. Na Déo alikuwa anafika."

Nilirudi na karatasi. Nilipomweleza Rais, alisema, "Basi ligi ingoje." Vita ya pili ikaanza ligi ikiwa bado inangoja. Rais alifariki wakati huo kwa ugonjwa wa moyo, na hakuna aliyekuja baada yake kuuliza ratiba.

Baadaye nilipelekwa ofisi ya vijana na michezo ya Minova, chini ya mkuu wa idara aliyependa mpira wa miguu na aliyeniita "maman wa manyoya". Nilifanya kazi huko miaka mingi, nikapanga mashindano ya shule na gwaride za sikukuu. Nikisikia lori linapanda mlima jioni nilijikuta nahesabu timu gani ingekuwa ugenini juma hilo. Nilipostaafu nilirudi Bukavu na daftari la ligi, maana hapakuwa na ofisi ya kulikabidhi. Ukurasa wa fainali ulikuwa na mistari minne iliyojaa na mmoja mtupu.

Mwezi uliopita nilipanda Bagira. Furaha sasa ana wajukuu na mashine mbili za kushonea. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayapoteza yote mlangoni.

"Ningewaacha mucheze," nilisema, "Déo angebaki na watu wake."

Hakuacha kushona. "Labda. Ama barabara ingemupata siku ingine. Yaya, umebeba hiyo peke yako miaka hii yote?"

"Ndiyo."

"Ungekuja mbele ya leo." Akasimamisha mashine. "Uko na ile kitabu?"

Nililitoa daftari mfukoni. Alilitazama, akaniambia nishike kalamu.

"Andika tulicheza. Seti ya kwanza, Chai, kumi na tano kwa tisa. Déo alikuwa bado anatafuta mikono, juu ya safari."

"Furaha, siwezi kuandika mechi ambayo..."

"Andika. Seti ya pili, yetu. Kumi na tano kwa kumi na mbili."

Mkono wangu ulikuwa juu ya ukurasa na haukushuka. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Nani alianza servisi?"

"Déo. Aliipiga fupi, hapa, juu ya wavu. Yule bibi wa Chai hakuiona."

Niliandika. Alinieleza seti ya tatu pigo kwa pigo, akisimama kunionyesha kwa mkono mtupu katikati ya vitambaa, na wajukuu wakasogeza viti. Ilituchukua mchana wote. Kwenye kumi na tatu kwa kumi na tatu nilimwambia kwamba anaweza kushinda, hakuna atakayekataa.

"Hapana," alisema. "Chai balikuwa bazuri, na Déo goti ilimuuma. Andika kumi na tano kwa kumi na tatu, yabo Chai. Lakini iandike muzuri."

Nikaiandika vizuri.