Limbwata Kwenye Vikombe Vitatu

Enzi za Mwingereza, mama mkwe alikuja kutoka bara kututembelea Temeke. Akaonja chai yangu, akaiweka chini, akasema ina kitu. Baada ya siku chache akakitaja: limbwata, ile dawa ya kumfunga mume. Akamtaka mwanawe anirudishe kwetu kabla hajawa zezeta.

Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la chai. Huko waonjaji walipimwa kwa vikombe vitatu: viwili vya chai moja, kimoja cha nyingine, na mtu akitoe kilicho tofauti. Akaona atanisafisha kwa njia hiyo. Jirani, naye mtu wa bara, akapika kwake kwa majani yetu na sukari yetu, akaileta. Mie nikapika yangu.

"Mara moja mtu hubahatisha, mama," mume wangu akasema. "Tutarudia mara sita. Ukipata tano, nitakubali kuna kitu umeonja. Chini ya hapo, maneno haya yaishe."

Mama akageukia ukutani vikombe vilipopangwa. Akapata. Wakapanga upya, akapata tena. Nikaficha mikono ndani ya kanga. Hakukosa hata mara moja.

"Hiyo si bahati," mume wangu akasema. Hakunitazama. Alikisogeza pembeni kikombe chake mwenyewe cha chai yangu.

Hasira zikanipanda, nikasahau adabu. "Mama ameonja tofauti. Nani kasema ni ya dawa? Apike mwenyewe jikoni kwangu, mie nitakaa uani."

Mama akateka maji mtungini, akapika, akaonja. Akaonja tena.

"Ladha ni ileile," akasema taratibu.

Jirani akainamia mtungi, akanusa. "Mbona maji yananukia moshi? Mie nimepikia ya bomba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi wa pwani huufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji. Nimekua nikiyanywa maji hayo. Sikuwahi kujua kwamba yana ladha.

"Basi na mie nimemtilia mwanangu limbwata," mama akasema, akanishika mkono. "Nisamehe, binti yangu."

Mume wangu akacheka, akavuta kikombe chake ili anywe. Nikamnyang'anya, nikaenda kumwaga chai uani. Mama nilimsamehe palepale, maana alikuwa mgeni. Mume wangu alikuwa akinywa chai hiyo tangu tuoane.