Mama na Kisiwa cha Itebero

Mama yangu ni mtu wa Kibabi, mtu wa milima, na kwake kitu kisichoonekana kutoka mlangoni hakipo. Nilipomwambia nimepata mchumba wa Itebero, kule msituni Walikale, hakuuliza kama kijana anasali wala kama ana shamba. Aliuliza kama huko watu wanaonana. Akasema hatanibariki mpaka apaone kwa macho yake, na bila baraka yake nisingeolewa. Kichwa changu ni kigumu, lakini si kigumu kiasi hicho.

Basi tukaenda, yeye na mimi, na fromaji mbili za Masisi, jibini ya maziwa ya ng'ombe wetu, kikapuni, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Baba mkwe alizipokea kwa heshima zote. Jioni mojawapo ya fromaji ilitoka jikoni imepikwa ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama aliila akiniangalia kana kwamba mpishi ni mimi.

Asubuhi baba mkwe alisema atatutembeza tuone uzuri wa kwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nadhani alikuwa amengoja miaka apate mtu wa kumwonyesha. Kila kitu, alisema, kiko karibu. Sasa, karibu ya Walikale si karibu ya Kibabi. Kwetu ni pale unapoweza kunyooshea kidole. Kwao ni safari yoyote usiyobebea chakula. Tulitembea mpaka miguu ikalalamika. Maporomoko ya maji tuliyasikia muda mrefu kabla ya kuyaona, kisha majani yakafunguka na maji yakaturukia usoni. Nilicheka kwa furaha. Mama alijifuta, akasema Kibabi hata mvua huonekana ikija.

Lakini fahari ya baba mkwe ilikuwa kisiwa kilicho katikati ya mto. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji chao cha kale, kabla barabara haijakatwa na watu kuhamishiwa kando yake. Michikichi ya mababu ingalipo, na mafiga, na shimo la mhunzi lenye mavi ya chuma. Kufika huko unapita daraja la kamba za msituni, lililosukwa kwa mikono. Mama alilitazama, akaketi juu ya gogo, akasema ataangalia kutoka hapo.

Nilivuka na baba mkwe, nikijifanya shujaa. Mafiga yalikuwepo kweli, yamefunikwa na ukungu wa kijani. Nilikuwa nimeinama kuyagusa niliposikia sauti ya Mama kutoka ng'ambo, nyembamba, sauti nisiyoijua.

"Mutoto wangu, uko wapi? Sikuone!"

Majani yalikuwa yamenificha. Nilishikwa na uchungu, maana hapo ndipo nilipolielewa swali lake. Miaka yote alikuwa akisimama mlangoni kunitazama nikipanda kilima kutoka shambani. Hakuwa anaudharau msitu. Aliogopa kunipoteza.

Nilitaka kukimbilia darajani, baba mkwe akanizuia. Aliweka viganja mdomoni akamjibu kwa sauti ya kuvuta:

"Mama, mu pori hatuonanake. Tunaitanaka. Mumuite tena, ataitika."

Akanieleza kwamba wanawake wa kisiwani walifanya hivyo kila jioni, kwa mabinti zao walioolewa ng'ambo. Kisha Mama akaita, safari hii kwa jina langu la utotoni, ambalo hata mchumba wangu halijui. Nikaitika. Akaita tena, nikaitika. Mara ya tatu hofu ilikuwa imemtoka. Alikuwa anajaribu tu kama njia hiyo inafanya kazi.

Tuliporudi tulimkuta amesimama, mashavu yamelowa. Alimwambia baba mkwe kwamba daraja lake ni baya sana. Kisha akasema, "Njo vile, Papa. Mutoto nitamutoa. Lakini aitikake."

Sasa nimeolewa Itebero. Kila jioni natembea hadi mahali rezo, mtandao wa simu, inaposhika, na simu inalia. Mama hana habari ya kunipa. Anaita lile jina, ninaitika, anakata.